Maharage ya Safu ya Kiu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kuosha vyombo ilikuwa kazi ya Kiroboto. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu aanze kutambaa hakuwahi kutulia mahali pamoja. Aliosha vyombo huku akicheza, akavisuuza huku akiimba, na nusu ya maji yakaishia sakafuni. Bibi alikuwa amezoea kumwambia, "Wewe osha vyombo tu, mjukuu wangu. Jiko tutaliosha wenyewe ukishaondoka."

Dirisha la jikoni lilitazama uani. Kwa majirani uani kulikuwa na kamba za nguo na kuku. Kwao kulikuwa na banda refu lililoezekwa kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na ndani yake ndoo zilizopangwa safu mbili, kila ndoo na miche yake ya maharage. Mama yake alikuwa mtafiti wa mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo. Upepo uling'oa paa la kitalu cha kituo, na kila alipouliza litatengenezwa lini aliambiwa avute subira. Alipochoka kuvuta subira, alihamishia jaribio lake nyumbani. Majirani wakampachika jina la Mama Maharage, naye akaliitikia bila kinyongo.

Jaribio lenyewe hata mtoto aliweza kulielewa. Mama alipanda aina kadhaa za maharage. Safu moja, aliyoiita safu ya maji, ilinyweshwa kila siku. Safu nyingine, safu ya kiu, ilinyweshwa mpaka miche ilipoanza kutoa maua, kisha ikakatiwa maji kabisa. Alitaka kujua ni aina gani itakayovumilia ukame, maana wakulima wengi, akiwemo kaka yake mwenyewe, walikuwa wakiangamia kila mvua ilipokatika mapema.

Katikati ya jaribio mama aliitwa kwenye semina katika mji mwingine. Akamkabidhi Kiroboto kopo la kunyweshea.

"Safu ya maji uinyweshe kila siku. Safu ya kiu usiiguse," alimwonya. "Hata ukiiona imelala chini. Hata ikikulilia."

"Maharage hayalii, mama," Kiroboto akacheka.

"Haya. Utaniambia nikirudi."

Na kweli yalilia, kwa namna yake. Ndoo za safu ya kiu zilizokuwa chini ya dirisha la jikoni zilikuwa na aina iitwayo Madoa, yenye mbegu nyeupe zilizotapakaa madoadoa mekundu. Kila asubuhi Kiroboto aliyaona Madoa yakizidi kuinamisha majani, na yeye ameshika beseni la maji ya kusuuzia, maji ambayo yangemwagwa mtaroni hata hivyo. Alijikaza asubuhi ya kwanza. Akajikaza na ya pili. Ya tatu moyo ukamshinda. Akapitisha beseni dirishani, akamwaga kidogo huku na kidogo kule. Kesho yake Madoa yalikuwa yamesimama wima, na Kiroboto akaona raha kana kwamba amemwokoa mtu. Tangu siku hiyo akawa anayapa maji kila asubuhi. Ndoo za mbali hakuzifikia, na kusema kweli hakuzifikiria, kwa sababu hizo hazikumtazama usoni.

Mama alirudi mchana wa jua kali. Hata viatu hakuvua, akaenda moja kwa moja uani. Safu ya kiu ilikuwa imekauka yote isipokuwa Madoa. Akapapasa kwa kidole udongo wa ndoo moja ya Madoa. Jua lilikuwa limeukausha, na wa juu ulikuwa vumbi tupu.

"Kiroboto! Ulifuata nilivyokuagiza?"

"Ndiyo, mama," Kiroboto akajibu.

Moyoni alijiambia kwamba anaisemea safu ya maji, ambayo kweli aliitunza vizuri sana. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia. Lakini mama hakuisikia safu ya maji katika jibu lile. Alisikia kwamba Madoa yameishinda kiu, akamkumbatia binti yake palepale kwenye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kiroboto alikuwa hajawahi kumwona akicheka vile, na neno alilotaka kuongeza hakuliongeza.

Mambo yakaenda mbio kuliko yeye. Mkurugenzi wa kituo, bwana mmoja asiyetoka nje bila tai, alikuja nyumbani kuyaona Madoa kwa macho yake.

"Haya ni ya kupeleka kwenye tuzo ya kimataifa ya watafiti," alisema. "Wanasayansi na wanazuoni wa dunia nzima wanaigombea. Ukishinda, mama, utakwenda kufanya kazi mwaka mzima na mabingwa wenzako, na kitalu chetu kitajengwa upya. Peleka!"

"Nilitaka kwanza nilirudie jaribio," mama akasema. "Mara moja haitoshi."

"Kurudia utarudia baadaye. Tarehe ya mwisho ni wiki hii."

Mama aliyatazama Madoa. Alikuwa ameyafanyia kazi miaka mingi, mvua na jua, bila mtu hata mmoja kumwuliza habari zake. Akapeleka.

Ikapita miezi. Kiroboto alikuwa ameshaanza kusahau, kama tunavyosahau yale tusiyopenda kuyakumbuka, mpaka asubuhi ile mama alipoingia jikoni ameshika simu kwa mikono miwili.

"Tumebaki watatu," alisema. "Kati ya mamia ya watu, tumebaki watatu. Wiki ijayo waamuzi watanihoji kwa kompyuta."

Bibi akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Kiroboto aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Kila walipompongeza mama yake, yeye aliisugua zaidi. Siku hiyo hakuimba, na sakafu ya jikoni ilibaki kavu.

Bibi hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Jioni alimvuta mjukuu wake pembeni.

"Kiroboto akitulia, kuna jambo. Nini?"

Kiroboto akamweleza yote, kuanzia beseni mpaka ile "ndiyo". Alidhani mzigo utahamia kwa mtu mzima, naye apumzike. Bibi akapunga mkono kama anayefukuza inzi.

"Hilo tu? Maji ya kusuuzia vijiko, hayo nayo ni maji? Miche ingeyaona wapi? Mwache mama yako afurahi. Yule mtoto nimemzaa mimi, najua alikotoka. Hebu usimtie ubaridi."

"Lakini bibi..."

"Shh!"

Kesho yake Kiroboto alimfuata mama sebuleni. Mama alikuwa mbele ya kioo, akijifunza kujibu maswali kwa lugha ya kigeni, akijihoji na kujijibu kama watu wawili.

"Mama, yale maharage..."

"Yale maharage, mwanangu, ndiyo yatakayotutoa!" Akamshika mabega, akamzungusha mara moja kama kwenye ngoma. "Njoo, nishikie karatasi hizi. Niulize la tatu."

Kiroboto akazishika karatasi. Akauliza la tatu. Halafu la nne.

Siku ya mahojiano, mjomba, yule kaka wa mama, alifika mapema na magunia matupu mabegani. Alikuwa mkulima, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na shamba lake la bondeni ndilo lililomlisha yeye, mkewe na watoto wao. Kituo kilikuwa na Madoa ghalani, na mama alikuwa amekubali kumwombea mbegu mahojiano yakiisha.

"Nasubiri dada yangu amalize kuwashangaza hao watu wa kwenye kompyuta, tuongozane ghalani," alimwambia bibi. "Msimu huu shamba lote Madoa. Mtama sipandi hata punje."

"Mjomba," Kiroboto akadakia, "usipande lote."

"Kwa nini?"

Alifungua mdomo. Sebuleni mkurugenzi alikuwa akikohoa na kunyoosha tai, mama akijaribu sauti ya kompyuta, bibi akimkazia macho. "Basi tu," akasema.

Mjomba akaangua kicheko. "Mtoto wa mtafiti! Ana wasiwasi hata na maharage ya mama yake mwenyewe."

Wakaingia. Mama alikaa mbele ya kompyuta, mkurugenzi kando yake. Bibi, mjomba na Kiroboto wakabanana kwenye kochi la nyuma. Kwenye kioo cha kompyuta zikatokea nyuso tatu: mwanamke mwenye mvi, kijana mwenye ndevu, na mzee wa miwani mikubwa aliyekuwa na tabasamu la upole. Lugha yao Kiroboto aliijua maneno machache ya darasani, ya kuamkiana na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na hayo leo yasingemsaidia.

Mama alijibu vizuri. Hata asiyeelewa neno aliona hivyo, kwa namna waamuzi walivyoitikia kwa vichwa na kuandika. Mjomba alimpiga Kiroboto kiwiko cha furaha. Kisha mzee wa miwani akauliza jambo, mama akacheka, akageuka nyuma.

"Wanauliza nani aliyatunza maharage nilipokuwa semina. Nimewaambia ni binti yangu. Njoo uwasalimie."

Kiroboto akainuka kwenye kochi. Akasimama kando ya mama. Mzee akatabasamu, akamwambia jambo polepole.

"Anakupa hongera," mama akatafsiri. "Anauliza, kazi ipi ilikuwa ngumu kuliko zote?"

Hapo Kiroboto hakutunga wala hakupanga. Jibu la swali lile lilikuwa moja tu, na lilikuwa likingoja kutamkwa tangu siku ile mama alipomkumbatia kwenye vumbi.

"Kuyatazama Madoa yakifa," alisema. "Sikuweza, mama."

"Hukuweza nini?"

"Niliyanywesha. Kila asubuhi, kwa maji ya vyombo, pale dirishani. Ulipouliza nikasema nimefuata. Sikufuata. Mama, mjomba anataka kupanda shamba lote."

Nyuma, mjomba aliinuka nusu kwenye kochi. Waamuzi walikuwa wakingoja, wakitabasamu, kwa sababu hawakuelewa neno hata moja. Katika chumba kile watu wawili tu walizijua lugha zote mbili, mama na mkurugenzi. Mkurugenzi akainama haraka.

"Waambie ngumu ilikuwa kubeba ndoo," akanong'ona. "Huyu ni mtoto, hajui anachosema. Kubeba ndoo, mama. Basi."

Mama alimtazama binti yake, akageuka akamtazama kaka yake na magunia yake, kisha akatazama dirisha la jikoni, ambalo lilionekana kupitia mlangoni. Kiroboto alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amesema, na sasa hakuwa na la kufanya tena. Jambo lilikuwa mikononi mwa mama, katika lugha asiyoifahamu.

Mama akaigeukia kompyuta, akazungumza. Hakuzungumza sana. Kiroboto hakuelewa kitu, kwa hiyo aliyakodolea macho yale macho nyuma ya miwani. Aliliona tabasamu likififia. Mwanamke mwenye mvi aliweka kalamu chini. Mzee akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuna anayefuta miwani hivyo kwa kuambiwa habari za kubeba ndoo. Hapo Kiroboto akajua mama amewaambia ukweli wote bila kupunguza.

Mahojiano hayakuendelea sana baada ya hapo. Mzee alisema maneno machache mwishoni, mama akaitikia kwa kichwa, na nyuso zikatoweka. Mkurugenzi aliondoka bila kugusa chai yake. Mjomba akakunja magunia yake moja moja, polepole, kisha akamwekea dada yake mkono begani.

"Aliniambia," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto aliniambia, mimi nikamnyamazisha. Nilidhani nakulinda."

Mama alitoka akaenda kukaa uani katikati ya ndoo. Kiroboto akamfuata mpaka mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Nimesikia," mama akajibu bila kugeuka.

Hakumchapa wala kumfokea, na hilo lilimuuma Kiroboto kuliko fimbo. Alisimama pale mlangoni, hajui aende wapi. Ndoo zile aliweza kuziokoa kwa beseni la maji. Lakini mama yake, Kiroboto hakujua atumie kitu gani kumwokoa.

Tuzo ilikwenda kwa mtafiti wa nchi nyingine, aliyevumbua njia ya kusafisha maji ya visima. Siku ya sherehe mama aliitazama kwenye kompyuta, peke yake sebuleni. Yule mtafiti alipopanda jukwaani, mama alipiga makofi. Kiroboto alimchungulia kupitia upenyo wa mlango, na makofi yale ya mtu mmoja yakamliza. Majirani nao waliacha kupita kupongeza. Kitalu cha kituo kikabaki bila paa, na mkurugenzi, akikutana na mama kazini, alimsalimu huku akitazama saa.

Kisha jioni moja mama alibeba ndoo, akazijaza udongo mpya, akazipanga safu mbili kama zamani. Akamwita Kiroboto, akampa kopo la kunyweshea.

"Mimi?" Kiroboto akashangaa. "Baada ya yote yale?"

"Wewe. Sasa unajua ugumu wake. Nami safari hii nitakuwa napima uzito wa kila ndoo mwenyewe, asubuhi na jioni. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo."

Miche ikaota, ikatoa maua, na safu ya kiu ikakatiwa maji. Kila asubuhi Kiroboto aliosha vyombo akiyatazama Madoa yakilegea. Yaliinamisha majani. Yakawa ya njano. Maua yakadondoka kabla hayajawa maganda. Asubuhi moja alijikuta ameinua beseni mpaka usawa wa dirisha bila kukusudia. Mama, aliyekuwa akinywa chai nyuma yake, alikuja akasimama kando.

"Hata mimi naumia," alisema. "Haya maharage nimeyalea tangu kabla hujaanza shule. Unadhani sitamani kuyapa maji?"

"Sasa kwa nini tunayaacha?"

"Kwa sababu tumeyauliza swali, Kiroboto. Yanaweza kuishi bila mvua? Ukiyapa maji kwa siri unakuwa umeyajibia wewe. Huruma yako haikuwa mbaya, mwanangu. Ubaya ulikuwa kuificha. Ungeniambia siku ileile niliyorudi, tungepoteza ndoo chache tu. Uliponyamaza, mimi nikajenga juu ya uongo, mkurugenzi akajenga juu yangu, na mjomba wako nusura ajenge chakula cha watoto wake hapohapo."

Akaweka kikombe chini.

"Na mimi nina kosa langu, usilibebe wewe. Nilijua jaribio moja halitoshi. Lakini lilinipa jibu nililokuwa nikilitamani miaka yote, nikakimbia nalo. Ukiona umepata jibu unalolipenda sana, hapo ndipo uulize tena."

Mwaka huo mvua ilikatika mapema, kama kawaida yake. Mjomba alikuwa amepanda mtama wake wa siku zote. Hakuvuna wa kuuza, ila alipata wa kula, na alipokuja kuwasalimu alileta gunia moja kati ya yale yale, limejaa nusu. Alilitua jikoni, akamtekenya Kiroboto mbavu. "Hili ni la yule aliyeniambia nisipande lote, 'basi tu'," alisema.

Wiki hiyohiyo Madoa yalikufa. Hayakuvumilia hata kama aina nyingine, yalitangulia kufa. Kiroboto alipita ndoo kwa ndoo, akavunja shina moja moja kuona kama ndani kuna ubichi. Hakuna. Mama alikuwa amekaa mezani jikoni na kompyuta yake.

"Yule mzee wa miwani," alisema, "neno lake la mwisho siku ile lilikuwa kwamba tukirudia jaribio, nimjulishe lilivyokwenda. Alisema niandike hata kama majibu yatakuwa mabaya. Haya, mtunzaji wa maharage, niandike nini?"

"Andika yamekufa."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama akaandika, akasoma tena, akatuma. Kiroboto akarudi kwenye vyombo vyake. Alipomaliza kusuuza, akalibeba beseni, akalipitisha mbele ya dirisha bila kusimama, akatoka nje na kuyamwaga maji mtaroni.